Masale kwenye diski za shangazi

Shangazi yangu huniita "baba". Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo kwa jina mimi ndiye mzazi wake, ingawa amenipita zaidi ya miaka thelathini. Cheo hicho kina raha zake, kwenye sherehe za ukoo sikosi kiti cha mbele. Ubaya wake ni kwamba kompyuta ya studio ikigoma, anayeitwa ni baba.

Ilikuwa Desemba, mwezi ambao Wachaga wanarudi mlimani "kuhesabiwa", kama watani wetu wanavyopenda kusema, na kila Jumamosi ya Moshi ina sendofu mbili, harusi tatu na ubatizo usiohesabika. Shangazi anapiga picha na video za sherehe hizo zote. Mchana wa saa nane umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi tena. Nilikuwa naagiza ndizi nyama pale Majengo simu ilipolia.

"Baba, mashine inapumua lakini haisemi."

Hakuna fundi angeweza kueleza vizuri zaidi. Feni zilikuwa zinazunguka, kioo kilikuwa cheusi, na karibu na prosesa palikuwa na harufu ile ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta, ilikuwa imeungua. SSD ndogo, ile diski isiyozunguka, yenye Windows, ilikuwa imeondoka nayo. Diski tatu kubwa zilikuwa zinazunguka kwa sauti yao ya kawaida, na humo ndimo zilimokaa video za harusi za miaka kumi, karibu terabaiti tatu. Kwa kipimo cha kamera zake, saa moja ya video inakula gigabaiti 11 hivi, kwa hiyo mnaweza kupiga hesabu ni hotuba ngapi za wajomba zilizokuwa humo.

Kompyuta hiyo niliiunga mwenyewe mwaka 2013, nikajisifu sana. Mazabodi ya Intel yenye chipu ya H77, na diski tatu za terabaiti mbili kila moja, zimefungwa pamoja kwa RAID 5 ya mazabodi yenyewe, yaani njia ya kuzifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Windows ilikuwa inaona diski moja tu, ya terabaiti nne. Shangazi alipouliza terabaiti mbili zimeenda wapi nilimwambia ni bima.

Bima yenyewe inafanya kazi hivi. Chukua kamati ya harusi: bahasha moja ina michango ya upande wa bwana harusi, laki saba, nyingine ya upande wa bibi harusi, laki tano. Katibu anaandika pembeni jumla, milioni moja na laki mbili. Bahasha moja ikipotea, unatoa iliyobaki kwenye jumla na unajua kilichokuwamo. Ikipotea karatasi ya katibu, unajumlisha upya. Zikipotea mbili kati ya hizo tatu, kamati inavunjika kwa matusi. RAID 5 inafanya hivyo kwa kila kipande cha data, isipokuwa kujumlisha kwake ni kwa mtindo wa kompyuta, na ile jumla, ambayo mafundi huiita pariti, haikai diski moja daima: inahama, kipande hiki iko diski ya tatu, kinachofuata iko ya pili, na kuendelea. Wazo hili si jipya. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika makala ya kutetea kwamba diski nyingi za bei nafuu zikishirikiana zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei mbaya. Ile herufi I ya RAID ilikuwa ya "inexpensive", yaani za bei nafuu. Baadaye ikageuzwa kuwa ya "independent", zinazojitegemea, maana hakuna muuzaji anayependa kutangaza kwamba mali yake ni rahisi.

Sasa, mafundi wengi mjini watakuambia RAID ya mazabodi ikifiwa na mazabodi yake, nayo imekufa. Niliwahi kuamini hivyo. Wazo ni kwamba chipu ya mazabodi ndiyo inayojua diski ipi ni ya kwanza, ipi ya pili, na vipande vimekatwa kwa ukubwa gani, na chipu ikiungua ujuzi huo unateketea nayo.

Sivyo. Panda Kibosho, au Old Moshi, uangalie mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Utaona masale, ule mmea wa majani marefu yanayong'aa, umesimama mstari kati ya migomba ya huyu na migomba ya yule. Mwenye kihamba anaweza kufa, karatasi zikaliwa na mchwa, mwenyekiti wa kijiji akabadilika mara tano. Masale yapo palepale, na mzee yeyote akifika anajua shamba linaishia wapi na la nani. RAID ya Intel nayo ina masale yake, na wameyapanda mahali palepale, mpakani. Kwenye sekta (vijisehemu vidogo vya kuhifadhia data) za mwisho kabisa za kila diski pameandikwa taarifa fupi inayoanza na maneno "Intel Raid ISM Cfg Sig." Humo mna aina ya RAID, ukubwa wa vipande, mpangilio, na namba za utambulisho za diski zote zinazohusika. Kila diski inabeba taarifa ya kundi zima. Mazabodi ikiwashwa inasoma tu masale hayo na kusema, aha, hawa ni ndugu.

Ndiyo maana, ukiwa na bahati, kuhamisha RAID ya namna hii ni kazi ya dakika ishirini: unachomoa diski kwenye mazabodi ya Intel ya zamani, unachomeka kwenye ya Intel nyingine inayojua RAID, unaingia BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe, kabla ya kitu chochote na kuweka bandari za SATA, zile zinazochomekwa diski, kwenye hali ya RAID, basi. Hata ukichanganya nyaya, diski ya tatu ikakaa bandari ya kwanza, zinatambuana kwa namba zake. (Bandika vibandiko hata hivyo. Tepu ya karatasi na kalamu ya wino vinatosha, na piga picha kwa simu.) Wengine wanapata mshtuko bila hata kubadilisha mazabodi: ile betri ya duara, CR2032, inakwisha, BIOS inasahau mipangilio na kurudi kwenye AHCI, hali isiyo na RAID, asubuhi RAID "imepotea". Haijapotea. Badilisha betri, rudisha hali ya RAID.

Mimi sikuwa na bahati, au niseme sikuwa na akili siku hiyo. Moshi nzima nilikosa mazabodi ya kuingia prosesa ile ya kizazi cha tatu, isipokuwa moja iliyotumika ambayo kutu yake ilinitisha. Kesho yake nikapanda kosta kwenda Arusha. Ni kilomita themanini hivi, Boma Ng'ombe, Usa River, Tengeru, na Desemba unazipita taratibu kwa foleni ya magari ya watu wanaokuja kuhesabiwa. Karibu na Mnara wa Saa nilipata duka lenye mazabodi mpya kabisa kwenye boksi, chipu H61.

"Inaingia prosesa hiyohiyo, kaka," muuzaji akasema. "Na RAM zako zilezile."

Hakunidanganya hata neno moja. Niliuliza prosesa, nikauliza RAM, nikalipa. Kuhusu diski sikuuliza. Nilirudi Moshi jioni, nikafunga kila kitu, nikaingia BIOS kutafuta hali ya RAID, nikakuta chaguo mbili tu, zote bila RAID: IDE na AHCI. Nikatoka nikaingia tena, kana kwamba ya pili ingenihurumia.

Hili liandikeni mahali, kwa sababu maduka yetu yamejaa bodi hizi. Katika familia ile, H77 na Z77 zina RAID ya Intel. H61 na B75 hazina. Kizazi kilichofuata, H87 na Z87 zinayo. H81 na B85 hazina. Zinafanana sura, soketi ni moja ndani ya kizazi, na za bei rahisi ndizo zilizonyimwa. Ukihamia AMD ni hadithi nyingine tena: AMD wana RAID yao, lakini haisomi masale ya Intel, ni kama kumpeleka mzee wa Kibosho akasuluhishe mpaka wa Kondoa.

Hapa ndipo ningesimama, ningelala, ningefikiri. Badala yake nilikuwa na SSD mpya, nikasema ngoja angalau niweke Windows, nione diski zinasemaje. Shangazi alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai, anaongea na mteja kwenye simu, anaapa kwamba video ya kipaimara iko salama na itatoka wiki ijayo. Nikafungua dirisha la kusimamia diski. Zikatokea tatu. Windows ikaniuliza kwa upole: diski moja haijaandaliwa, niiandae sasa ili itumike? Kitufe cha kukubali kilikuwa tayari kimewaka.

Nikabonyeza.

Siwezi kusema sikujua. Nimewaambia watu wengine mara kadhaa wasibonyeze. Mkono ulienda kabla ya kichwa, kama unavyoitikia "marahaba" bila kusikia ni nani amekuamkia. Nusu sekunde baadaye jasho lilinitoka kwapani hadi kiunoni. Nilizima mashine kwa kuchomoa waya ukutani, nikamwambia shangazi naenda kununua vocha, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Usiku ule ndipo nilipoelewa vizuri nilichokifanya, na nitakieleza polepole kwa sababu ndicho chenye faida kuliko vyote humu.

Kwanza, kwa nini diski moja tu ndiyo ilionekana tupu? Mwanzo wa RAID yetu ulikatwa hivi: kipande cha kwanza, chenye jedwali la mgawanyo wa diski, kilikaa diski ya kwanza. Kipande cha pili kilikaa diski ya pili, na hapo kwenye data halisi hapakuwa na kitu, sifuri tupu, kwa sababu faili huanza mbele zaidi. Diski ya tatu ikabeba jumla ya hivyo viwili. Kitu ukijumlisha na sifuri unapata kitu kilekile. Kwa hiyo diski ya kwanza na ya tatu zilionekana kama pacha, zote zina jedwali, na ya kati ikaonekana kiwanja kisicho na mwenyewe. Windows haikuwa na ubaya wowote. Iliona kiwanja cha wazi ikauliza kama tujenge.

Pili, kilichoandikwa. Kuandaa diski kwa mfumo wa kisasa, GPT, kunaweka jedwali mahali pawili: mwanzoni, na nakala yake mwishoni kabisa mwa diski. Pale mwanzoni iliandika kilobaiti chache kwenye ile sehemu ya sifuri, haikuumiza faili hata moja. Pale mwishoni inachukua sekta 33 za mwisho. Na taarifa ya Intel inaanza kusomwa kwenye sekta ya pili kutoka mwisho. Nilikuwa nimeng'oa masale ya diski ya pili nikapanda ya kwangu. Kihamba chote kilikuwa bado kipo, migomba imesimama, lakini hakuna wa kusema ni cha nani.

Lakini bahasha moja ikipotea, kamati haivunjiki. Diski mbili zilikuwa bado na masale yake. Nikarudi asubuhi kabla shangazi hajafungua, nikachomoa ile ya pili, nikaibandika tepu nyekundu, nikaiweka ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati ambapo mkono wangu haufiki bila kiti.

Kilichofuata kilifanywa na Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, niliyoiwasha kutoka kwenye fleshi bila kugusa kitu kingine. Nilitumia Linux iitwayo SystemRescue kwa sababu inakuja na zana zote ndani. Zana kuu ni mdadm, ambayo kazi yake ya asili ni RAID za Linux zenyewe, lakini inasoma pia masale ya Intel, iwe mazabodi inayajua au haiyajui. Kwanza smartctl kuangalia afya: mstari wa 5 na wa 197, yaani sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri, zote sifuri. Hapo nilishukuru, kwa sababu ukiwa umebaki na diski mbili kati ya tatu, sekta moja mbovu haina tena wa kuifidia. Kisha mdadm --examine kwa kila diski. Ya kwanza ikajibu: Intel Raid ISM Cfg Sig. Nyingine nayo ikajibu. Sijawahi kufurahia maneno ya Kiingereza ya ovyo kiasi kile.

Sasa neno moja kwa mtakaofuata njia hii. mdadm ina amri ya kukusanya, --assemble, na amri ya kuunda, --create. Kukusanya ni kusoma masale yaliyopo. Kuunda ni kupanda mapya juu yake. Ukitafuta msaada ukiwa na hofu utakuta watu wamepona kwa kutumia ya pili, na ni kweli wapo, lakini walikuwa wanajua mpangilio wote kwa kichwa. Ukikosea mpangilio mmoja, ukaruhusu na usawazishaji uanze, hapo ndipo unafuta kweli. Anayeandika --create kwenye diski zenye harusi za watu awe amekwisha kunakili diski nzima kwanza.

Nikakusanya. Nikaandika cat /proc/mdstat, ikatokea RAID 5, hali ya kusoma tu, na mwishoni alama hizi: [3/2] [U_U]. U ni diski iliyopo. Kile kistari katikati ni mimi.

Kitu kimoja kilitusaidia bila sisi kukipanga. Umeme ulipokatika siku ile shangazi alikuwa anakula, hakuna kilichokuwa kinaandikwa. RAID 5 iliyozimika katikati ya kuandika, halafu ikakosa diski moja, mdadm inaweza kukataa kuiwasha, na ina haki, kwa sababu ile jumla ya katibu huenda haikukamilika. Yetu iliwaka.

Nikaifungua kwa kusoma tu, nikaona mafolda: mwaka, mwezi, jina la familia, kanisa. H61 ina bandari nne za SATA. Mbili zilikuwa na diski za zamani, ya tatu nikaweka diski mpya ya terabaiti nne. Kupitia bandari ya USB ya kizamani kazi ile ingekula zaidi ya siku nzima. Kwa SATA ilienda kwa megabaiti mia na kidogo kwa sekunde, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tisa usiku. Umeme ulikatika mara moja, UPS, ile betri ya akiba, ikapiga kelele kama jogoo aliyekosea saa, ukarudi kabla betri haijaisha. Usiku wa pili niliendesha tena rsync, programu niliyonakilia, safari hii ikilinganisha faili kwa yaliyomo na si kwa ukubwa na tarehe tu. Haikupata tofauti hata moja.

Shangazi hakuwa amejua lolote la kitufe. Alijua tu kwamba mashine ilikuwa "inatengenezwa". Lakini alikuwa na swali lake, alilouliza nikiwa nafunga skrubu za mwisho.

"Si uliniambia ile bima yako, diski moja ikifa hakuna shida?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa mbona umekaa siku nne?"

Nilimjibu kwamba mazabodi ndiyo iliyokufa, si diski. Ni kweli, na ni uongo vilevile. Bima ile ilikuwa ya diski kufa. Haikuwa ya mwizi, wala ya moto, wala ya faili kufutwa kwa bahati mbaya, wala ya baba mwenye mkono mwepesi. Miaka kumi nilimwacha shangazi aamini kwamba ana nakala ya akiba wakati alikuwa na mashine inayoweza kuvumilia kilema.

RAID ya mazabodi sikuirudisha. Kwa kazi yake hana haja nayo. Anahariri kutoka diski moja ya terabaiti nne. Ningetaka RAID leo ningeweka ya Linux yenyewe, ambayo haijali kabisa imechomekwa kwenye mazabodi ya nani. Na mwenye kadi maalumu ya RAID ahame na kadi yake, asiiache.

Jumapili iliyofuata nilipanda Kibosho kumsalimia bibi. Wakati wa kurudi nilichuma jani moja la sale pale mpakani, nikalifunga fundo, kama wanavyofanya wazee mtu anapokwenda kuomba radhi. Jumatatu nikamkabidhi shangazi mezani kwake kwa mikono miwili. Aliliangalia, akaniangalia.

"Umekosa nini, baba?"

Nikamweleza yote, kitufe, ngazi, bahasha ya kaki. Alinyamaza muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Kisha akauliza kama kipaimara cha yule mtoto wa Rau kipo. Nikasema kipo. Akainuka, akalichomeka lile jani nyuma ya UPS.

"Lisitoke hapo," akasema, "mpaka ulete diski nyingine."

Niliileta Februari. Kila mwisho wa mwezi inashuka, inanakili, inapanda tena Kibosho, na huko inakaa kwa bibi ndani ya kabati la vyombo, imefungwa kwenye khanga. Jani limekauka, lakini bado lipo nyuma ya UPS, maana shangazi anasema diski aliyotaka ilikuwa ya Januari.